Ukilalamika peke yako utaambiwa "tutalifanyia kazi"

Baba yangu alipokuwa makao ya wazee, jibu nililolizoea ni hilo. Kengele ya kitandani inalia, haji mtu: tutalifanyia kazi. Kifaa chake cha kusikilizia kimepotelea kwenye nguo za kufuliwa: tutalifanyia kazi. Sidhani walikuwa wananidanganya. Ila lalamiko la mtu mmoja huhesabiwa kuwa tabia yake tu: "yule binti ana wasiwasi sana."

Tulipoanza kuulizana, sisi ndugu wa wazee tunaopishana kwenye korido, tukagundua kengele zinachelewa kwa wote, hasa zamu zikibadilishana na wikiendi. Hapo wasiwasi wa binti haumo tena. Ni uhaba wa wahudumu, na wa kuulizwa ni uongozi. Msimgombeze mhudumu anayekimbizana na vyumba vyote peke yake. Mara nyingi yeye ndiye atakayewaeleza ukweli.

Basi undeni kikundi cha familia; watu watatu wanne wanatosha kuanzia. Wengine watakwepa kwa kuhofia mzazi wao atalipiziwa wao wakiondoka. Hofu hiyo msiibeze: barua iende kwa jina la kikundi, isitaje mgonjwa ambaye hajaridhia.

Nchini Marekani, sheria ya mageuzi ya makao ya wazee ya mwaka 1987 ilizipa familia haki ya kukutana ndani ya makao yanayolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu. Kanuni zake zinataka kikundi kipewe mahali pa faragha, mfanyakazi asiingie bila kualikwa, na awepo mtu maalumu wa kushughulikia maombi ya maandishi. Uongozi ukikataa jambo, useme kwa nini. Kila jimbo pia lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa makao hayo, na huduma yake ni bure. Hata unapoishi pasipo na sheria kama hiyo, mambo hayo yaombeni hivyohivyo.

Barua yenyewe ndiyo kazi. "Wahudumu hawajali" haimsumbui mkurugenzi yeyote. Andikeni: "Jumamosi, saa 1:20 jioni, kengele ililia, mhudumu akafika saa 1:55." Kumbukumbu za namna hiyo zikiwa nyingi kutoka familia mbalimbali, ombeni jibu la maandishi na tarehe ya kulipata.

Na wazee wenyewe waulizwe kwanza, jamani. Sisi tumeshupalia kengele, baba kero yake kubwa ni kuamshwa alfajiri kuogeshwa ili zamu ya usiku imalize kazi yake. Lile lilikuwa suala la ratiba tu, likarekebishwa upesi kuliko mengine yote. Ulizeni pia kuhusu wale wasiotembelewa na mtu.

Kikundi hiki hupungua, kwa sababu wazee hufariki na familia zao huacha kuja. Daftari na namba za simu zishikwe na watu wawili, na familia mpya ifuatwe wiki ileile inapoleta mzee wake, kabla haijazoea kuambiwa tutalifanyia kazi.