Magadi tena? Majibu ya maswali yenu ya jikoni

Wiki hii maharage yametawala. Maswali ya pilau nimeyaacha. Kwenye pilau kila mtu ana mama yake.

Nimehamia Njiro, Arusha, kutoka Dar. Maharage niliyozoea kuivisha kwa saa moja na nusu huku yanakula nusu siku. Jirani anasema nitie magadi. Kiasi gani?

Usitie hata chembe. Jirani mwamkie vizuri, ushauri wake mwachie.

Shida yako ni mwinuko. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 95 hivi, na ukirundika mkaa hayapandi zaidi, yanakauka tu. Sufuria ya presha ndiyo dawa yake, maana ikishafungwa joto linapita 110. Kama huna, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, tia mapya. Kitunguu kiingie hata mapema. Nyanya, limau na ukwaju vingoje maharage yalainike kabisa, kwa sababu uchachu unayakaza. Na pale soko la Kilombero usinunue kwa kutazama rangi ya gunia, chukua kiganjani. Yaliyofifia na kukunjamana yamekaa ghalani muda mrefu, hayo hayalainiki kwa kubembelezwa.

Sasa magadi. Yanalainisha, sibishi. Lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni ambayo mnahangaika kuizima kwa nazi. Huku kwetu kuna kubwa zaidi: floridi. Maji ya sehemu nyingi za Arumeru tayari yanayo kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia mnayaona wenyewe. Magadi ya Bonde la Ufa nayo yana floridi yake. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga anaipata kwenye maji ya kunywa, halafu unamwongezea kwenye makande. Msiniambie "mimi maji nachemsha". Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haiondoki na mvuke, inabaki sufuriani na maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kukolea.

Na nyie mnaomalizia maharage kwenye kikapu cha kutunza joto ili kuokoa gesi: yatokote kwanza kwa nguvu dakika 30, hasa mekundu. Yakiliwa nusu mabichi yanatapisha familia nzima.

Mnafu wangu mchungu sana. Nifanyeje?

Ndio mnafu huo. Tia maziwa au karanga, la sivyo nunua kabichi.

Chapati zangu zinakuwa ngumu kama ngozi. Nisaidie.

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara halisemi unga ulikandwa kwa maji gani wala ulipumzishwa muda gani. Mimi si mpiga ramli. Nabahatisha: uliogopa unga usinate ukaukanda mkavu, ukausukuma papo hapo, halafu ukachoma kwa moto mdogo hadi zikakauka. Tumia maji ya moto, donge libaki laini, lipumzike nusu saa chini ya kitambaa. Chuma kiwe cha moto, na chapati ikitoka, funika. Ukiniandikia tena, sema ulichofanya.

Mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Machame. Nataka kumpikia mtori, ila wangu huwa mweusi na maziwa hukatika.

Mtori kwa mtu wa Machame! Una moyo, mwanangu. Tafuta ndizi mshare mbichi. Paka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, na kila ndizi ukiimenya itumbukize hapo hapo kwenye maji yenye limau. Ikikaa hewani ndipo inapogeuka nyeusi. Zisuuze kabla ya kupika, maana limau hilo na nyanya ndivyo vinavyokata maziwa. Nyama ya mifupa iive kwanza, ndizi ziingie kwenye supu yake, uzisage kwa mwiko. Maziwa yachemshe kando, yaingie mwisho, na usiruhusu sufuria itokote tena. Blenda ifiche kabatini, na vile viungo vya paketi pia.

Debe langu la mahindi limeshika ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyaanika yatafaa makande?

Hapana. Wala uji, wala pombe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kuosha na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ni hapo jirani. Usimpe ng'ombe pia, itakurudia kwenye maziwa.

Tuko Sakina, hapa Arusha. Tangu Juni maziwa hayagandi. Mbegu imekufa?

Haijafa, inasikia baridi. Chemsha maziwa kwanza (wanaogandisha mabichi wanacheza na homa ya maziwa, yaani bruselosi), yaache yawe vuguvugu, tia mbegu, kisha funga chombo kwenye blanketi. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kuyapasha, wala kujipasha wewe. Kila kipupwe tunasikia watu wamelala na jiko ndani wasiamke. Hewa ile haina harufu ya kukushtua. Mtindi ukichelewa siku moja zaidi, kunyweni chai.