Bendi ya Ijumaa kwenye maduka ya baga: anza na duka moja

Kaka, umeuliza kama uweke bendi ipige laivu kila Ijumaa kwenye maduka yako yote matatu ya baga hapa Dar. Weka, ila anza na moja. Hata Hard Rock Cafe, ile migahawa inayojulikana kwa muziki, ilifunguliwa London mwaka 1971 kama mgahawa wa baga tu. Muziki wa jukwaani ulikuja baadaye.

Kitakachokusumbua ni jiko, si bendi. Nimewahi kusimamia jiko la mgahawa wenye muziki. Wimbo ukiendelea watu wanatazama, hawaagizi. Bendi ikipumzika, oda 40 zinaingia kwa mpigo: nyama inaungua upande mmoja, mkate wa pili umeshalowa mchuzi, wahudumu wanagongana mlangoni. Kwa hiyo Ijumaa punguza menyu, zibaki baga tatu na chipsi. Halafu kaa na kiongozi wa bendi mpange waanze saa tatu usiku, wateja wengi wakiwa wameshakula.

Spika zielekee ndani, zisitazame nyumba za watu. Majirani wakilalamika NEMC, yaani baraza la mazingira, unaweza kufungiwa duka zima. Kibali cha burudani ulizia BASATA, baraza la sanaa, na malipo ya hakimiliki anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nyimbo za wasanii wengine ambazo bendi inazikopi nazo zinahusika.

Wanamuziki walipe usiku uleule, na uwalishe kabla hawajapanda jukwaani. Baga kamili, ya moto, kama ya mteja. Usiwape chipsi zilizobaki.