Maswali ya marubani: Hewa nyepesi ya Dodoma

Nimepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, kwa hiyo naruhusiwa kubeba abiria. Haitoshi?

Kwa kanuni inatosha. Lakini mizunguko mitatu ya saa 2 asubuhi, upepo umelala, haijakupima kitu. Mwombe mkufunzi mruke saa 8 mchana, joto likiwa limepanda na upepo unakuja kwa ubavu. Ukitua vibaya mara mbili mbele yake, umepata thamani ya pesa yako.

Nilisomea Dar es Salaam. Mbona kila nikija kutua Dodoma naona kama nimezidisha mwendo?

Macho yako hayakosei sana. Uwanja wa Dar hauzidi futi 200 juu ya usawa wa bahari. Wa Dodoma uko karibu futi 3,700. Mchana wa Novemba wenye nyuzijoto 30, hewa inakuwa nyepesi zaidi, na ndege hapa inafanya kazi kama iliyo futi 6,400. Kipimo cha mwendo kikisoma noti 65 (maili za baharini kwa saa), mwendo halisi hewani ni kama noti 71, na ndege itahitaji takriban sehemu moja ya tano zaidi ya njia ya kutulia ili isimame. Kosa ni kuvuta usukani ili kupunguza mwendo huo wa macho: mabawa hayajui ardhi inavyokimbia, yanajua kile kipimo tu. Ukishuka chini ya noti zilizoandikwa kwenye kitabu cha ndege, yataacha kubeba ukiwa bado juu. Basi fuata kipimo, na zoezi hilo lirudie hadi mkono utulie.

Nilighairi kutua, nikasukuma gesi yote, ndege ikapanda kwa shida. Injini mbovu?

Kabla ya kumwita fundi, jiulize mpini wa mchanganyiko wa mafuta na hewa uliuweka wapi. Orodha ya kabla ya kutua husema usukume mbele kabisa, na pwani hilo halina shida. Hapa hewa ni chache, mafuta yanazidi, injini inakosa nguvu. Kwa Cessna 172, kwenye viwanja vinavyozidi futi 3,000, kabla ya kupaa fungua gesi yote ndege ikiwa imesimama, kisha vuta mpini huo taratibu, ukipunguza mafuta, hadi mizunguko ya injini ifike kileleni. Ukija kutua, uache karibu na hapo. Flapsi nazo, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zilikuwa wapi? Zikibaki chini zote, hata injini nzima inalemewa. Kwanza gesi, kisha flapsi hadi nyuzi 20, zinazobaki uzipandishe kidogo kidogo ndege ikishaanza kupanda.

Simuleta ya kompyuta nyumbani inasaidia?

Kwa orodha, redio na kusoma vyombo, sana. Kwa ule wakati wa kuinua pua kabla magurudumu hayajagusa, hapana.

Zoezi la mabawa kuacha kubeba (stall) nilifanye futi ngapi?

Angalau 3,000 juu ya ardhi. Kwa Dodoma, altimeta (kipimo cha urefu) iliyowekwa usawa wa bahari isome 6,700, na zaidi ukiwa juu ya vilima.