Re: Nasoma jiolojia, natoka Usa River kila siku, Jumamosi niende wapi bila gari?

Habari mkuu. Umesema nauli ya wiki inakumaliza, hifadhini huendi, na makonda wanakugombeza kwa begi la mawe.

Anza na Ziwa Duluti, hapo hapo Arusha. Shuka Tengeru, ingia kwa miguu, ulipe kiingilio. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, na ukizunguka ukingo wake hali ya hewa ikiwa safi utauona Mlima Meru, mita 4,566. Nyundo iache nyumbani, ule ni msitu wa hifadhi. Chora tu kwenye daftari. Mimi nilijifunza mengi kwa kuchora kuliko kugonga.

Sampuli zitafute nje ya hifadhi: kingo za barabara zilizokatwa, au machimbo ya kokoto, ila omba ruhusa kwa mwenye eneo. Chukua kipande cha ukubwa wa ngumi, kifunge kwa gazeti, kiandike namba palepale. Niliwahi kurudi na mawe manane meusi yenye matundu, yote yanafanana, sijui lipi la wapi. Nikayatupa.

Kuhusu makonda: usirudi mchana. Jumamosi ni gulio Tengeru, na begi lako litagombea nafasi na mikungu ya ndizi.