Forester inanimaliza, niuze?

SWALI: Habari fundi. Niko Tabata, nina Subaru Forester ya 2004 ile ya turbo, naipenda balaa ila kila mwezi spea, mara bushi mara shokapu, sasa hivi inachemsha foleni ya Ubungo na fundi anataka kushusha injini. Wife kasema niuze nichukue Toyota IST.

JIBU: Pole kaka. Injini isishushwe kwanza. Asubuhi ikiwa ya baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, jazia kulanti (sio maji ya bomba jamani), washa halafu tazama, mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma hapo ndo uanze kuwaza gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini), yasipotoka cheki feni na thamostati (ile inayofungulia kulanti iende kwenye rejeta). Mimi nilishashushiwa injini, kumbe feni moja ilikuwa haizunguki tu, hela ikaenda hivyo hivyo.

Cha kukuumiza kweli ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende sawa. Kwenye EJ20, yaani injini ya hiyo Forester yako, ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na kawaida unabadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, sasa kwa gari la mtumba ile namba ya kwenye dashibodi usiiamini sana, kama hujui ulibadilishwa lini badilisha, na wota pampu humohumo maana inazungushwa na mkanda huohuo, ufundi unalipa mara moja.

Shemeji kwenye mafuta hajakosea, IST inakula kidogo kuliko hiyo turbo yako. Ila ukiuza ikiwa inachemsha utapewa bei ya skrepa, itengeneze kwanza ndo mgombane vizuri.