Maswali ya Wasomaji: Filamu za Mapepo, Kipande Kipi Kinatisha Zaidi?

SWALI: Shikamooni. Niliangalia The Exorcist kwenye kibanda umiza, ile iliyotafsiriwa, watu wakacheka mwanzo mwisho. Juzi nimeirudia peke yangu kwenye simu na hedifoni, nikashindwa kuimaliza. Filamu ni ile ile. Kulikoni?
Kijana wa Tanga

JIBU: Marahaba. Kibandani ulikosa sauti. Mtafsiri akiingia, sauti ya filamu hushushwa, na mtafsiri mzuri hanyamazi: panapokuwa kimya yeye hupachika utani. Sasa filamu hii ya mwaka 1973, iliyoongozwa na William Friedkin, inatisha zaidi kwa ukimya kuliko kwa mayowe. Muziki ni haba mno. Ule aliotungiwa na Lalo Schifrin, Friedkin aliukataa. Kati ya Oscar mbili ilizopata, moja ilikuwa ya sauti, na kwa maoni yetu ndiyo iliyostahili zaidi.

Sauti ya pepo si ya Linda Blair, aliyecheza binti aliyepagawa. Ni ya Mercedes McCambridge, mwigizaji aliyezoea tamthilia za redio. Alimeza mayai mabichi, akavuta sigara, akanywa wiski, akafungwa kwenye kiti ili sauti itoke kwa kukabwa. Juu yake zikaongezwa sauti za wanyama, wakiwemo nguruwe. Ule mlio wa shingo inapogeuka ni pochi kuukuu ya ngozi iliyojaa kadi, iliyokunjwakunjwa mbele ya kipaza sauti na fundi wa Mexico, Gonzalo Gavira. Ukishajua hivyo bado utashtuka, maana sikio halina subira ya kungoja maelezo.

Rudia pale padri mzee Merrin anapoingia ndani ya nyumba. Hakuna pepo kwenye picha. Kuna mzee, ngazi, na jina lake linaloitwa kwa ukali kutoka chumba cha juu, ilhali huko juu hakuna aliyemwona akifika. Sisi tunakiweka kipande hicho juu ya vingi vyenye damu.

Ukirudia, weka sauti kwa kiwango cha kusikia mazungumzo bila kukaza masikio, kisha usiiguse tena. Wengi huongeza panapokuwa kimya, halafu kelele inawapiga kofi. Kama simu au runinga yako ina mpangilio wa usiku unaosawazisha sauti, uzime: huo hupandisha minong'ono na kushusha mayowe, na filamu yote inakuwa uji mtupu.

SWALI: Mume wangu anasema hakuna kinachotisha kama kichwa kinachozunguka. Mimi nasema kile kipande cha hospitali. Tuamulieni, tumechoka kubishana.
Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Mama, ushindi ni wako. Kichwa kile ni cha mwanasesere aliyetengenezwa na Dick Smith, fundi wa vipodozi, mwenye macho yanayochezeshwa kwa mbali. Kipo kwenye skrini kwa muda mfupi kwa sababu kikikaa zaidi utakiona ni mpira. Tena mtu akiona jambo lisilowezekana, moyo hupata pa kupumzikia: anajiambia hii ni filamu.

Hospitalini hakuna pa kupumzikia. Mtoto amelazwa kwenye meza ya eksirei, sindano inaingia shingoni, damu inaruka, kisha mashine inaanza kugonga kwa kishindo karibu na kichwa chake. Kipimo hicho cha mishipa ya kichwa kilikuwa cha kweli wakati ule, na wanaokifanya wanaonyeshwa wakifanya kazi kwa utulivu kama siku nyingine yoyote. Pepo hayumo kabisa. Halafu daktari anasema picha hazionyeshi kitu, na hapo mama anabaki hana mlango wa kubisha. Mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali na mtoto anaijua hofu hiyo.

Mkibishana tena kuhusu binti kushuka ngazi kinyumenyume kama buibui, mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Kipande hicho, kilichochezwa na Ann Miles, kiliondolewa mwaka 1973 na kurudishwa kwenye toleo la mwaka 2000.

SWALI: Tuko vijana watano Mwanza, tuna simu nzuri na shilingi laki mbili. Tunataka kutengeneza filamu fupi ya binti aliyepandisha mapepo: pumzi ya baridi, matapishi, kuelea juu ya kitanda. Tuanzie wapi?
Kikundi cha Kirumba

JIBU: Anzeni na pumzi, ndiyo ngumu kuliko mnavyodhani. Kwenye The Exorcist chumba cha binti kilijengwa studio, New York, kama jokofu kubwa, kikapozwa hadi chini ya nyuzi sifuri. Taa zikiwaka dakika chache joto linarudi na mvuke unapotea, basi kazi inasimama hadi baridi irudi. Mafundi walivaa makoti mazito. Mtoto alikuwa na gauni la kulalia.

Mvuke wa pumzi huonekana vizuri hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na hiyo Mwanza hamtaipata barabarani. Ombeni saa moja kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, mtandike kitambaa cheusi ukutani. La sivyo, nendeni Makete alfajiri ya Juni au Julai. Mwigizaji anywe maji ya moto kabla ya kuigiza. Taa iwe nyuma yake, pembeni kidogo. Mkiiweka mbele ya uso hamtaona mvuke wowote. Ndani ya chumba cha baridi asikae zaidi ya dakika 10 kwa mkupuo, na mmoja wenu abaki nje akishika mlango. Mkitoka, fungeni simu ndani ya mfuko wa plastiki hadi ipate joto, vinginevyo lenzi itajaa ukungu na mtadhani imeharibika. Msimpe mtu apulize unga: akiuvuta ndani, unaingia mapafuni.

Matapishi ya Friedkin yalikuwa supu ya njegere iliyochanganywa na uji wa shayiri. Yenu: chemsheni njegere robo kilo hadi zipondeke kwa kidole, sageni na maji nusu lita, ongezeni vikombe viwili vya uji mwepesi, kisha chujeni mara mbili. Msiruke kuchuja. Ganda moja tu likikwama kwenye mpira wa kupitishia matapishi, mgandamizo unapanda na kiungio kinafyatuka, nanyi mnaoga njegere kabla kamera haijawashwa. Mpira wa upana wa milimita 8 au 10 unatosha. Ubandikeni kwa plasta kwenye shavu lisiloelekea kamera, ncha ikomee pembeni mwa mdomo, isiingie ndani wala kooni. Upande wa pili fungeni chupa laini ya lita moja, mtu aikamue kwa mikono miwili. Mchanganyiko uwe vuguvugu. Jaribuni kwanza ukutani mjue unafika wapi: Jason Miller, aliyecheza padri kijana, alitarajia umpige kifuani, ukampiga usoni, na karaha mnayoiona usoni mwake si ya kuigiza. Andaeni pia nguo mbili zinazofanana, la sivyo mna nafasi moja tu.

Kuelea kwao kulitumia nyaya. Nyinyi msimning'inize mtu, hamna vifaa wala bima. Simamisheni simu kwenye stendi, fungieni fokasi na mwanga visibadilike, rekodini kitanda kitupu kwa sekunde 20. Bila kugusa stendi, mlazeni binti juu ya stuli mbili zilizowekwa kitandani, mrekodi tena. Kwenye programu ya kuhariri wekeni picha ya pili juu ya ya kwanza, mfute stuli. Kuna makosa matatu yanayowaumbua wengi. La kwanza ni kivuli cha stuli ukutani, sogezeni taa. La pili ni gauni lililolaliwa likakaa bapa kama liko mezani. Livuteni lining'inie pande zote. La tatu ni nywele au kilemba kilichosimama badala ya kushuka chini.

Mbinu ya bure kuliko zote ni kurudisha picha kinyume. Maneno ya kuomba msaada yanayojitokeza tumboni mwa binti, Dick Smith aliyaandika kwa kemikali juu ya tumbo bandia la mpira, yakavimba, akayapuliza hewa ya moto yakanywea, kisha filamu ikachezwa kinyume. Kemikali hizo ziacheni. Ila mshumaa uliozimwa ukichezwa kinyume unajiwasha wenyewe, na shuka lililoanguka linapanda kitandani. Mwambieni mwigizaji asimame tuli kabisa; akipepesa macho tu, siri imetoka.

SWALI: Filamu za siku hizi najua kabisa sasa hivi nitashtuliwa. Kuna iliyofanya tofauti?
Mzoefu, Bujumbura

JIBU: Tafuta The Exorcist III ya mwaka 1990, iliyoongozwa na William Peter Blatty mwenyewe, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu ya kwanza. Kipande ni korido ya hospitali usiku. Kamera iko mbali, haisogei. Muuguzi anafuata mlio mdogo, kumbe ni barafu inayopasuka ndani ya glasi. Mgonjwa anainuka kwa ghafla na kumkemea, unashtuka, unadhani ndiyo imeisha. Anarudi mezani, walinzi wanapita, muda unaenda, hakuna kitu. Anaingia chumba kingine, anatoka, anafunga mlango. Basi. Mengine yaone mwenyewe, ila ujue kushtuliwa kule kwa kwanza kuliwekwa makusudi ili ulegeze mabega.

SWALI: Sisi tunajua majini, hizo habari za padri na msalaba hazitugusi sana. Mna ya kutupendekezea?
Bi. Mkubwa, Mji Mkongwe

JIBU: Bibi, tazama Under the Shadow ya mwaka 2016, kazi ya Babak Anvari, kwa Kiajemi. Ni Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq. Kombora linaanguka ghorofa ya juu bila kulipuka, dari linapasuka ufa, na mama anauziba kwa utepe wa gundi huku binti yake akisema kuna kitu kimeingia. Jini linakuja kama baibui tupu linalopepea, ndani hamna mtu. Lakini tulipobana pumzi zaidi ni pale mama anapomkimbiza mtoto nje usiku bila kujifunika, akakamatwa na askari. Ndani kuna jini, nje kuna dola, naye amembeba mtoto.

SWALI: The Exorcism of Emily Rose ni kisa cha kweli?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Nusu. Filamu ya mwaka 2005 imekihamishia kisa Marekani, lakini asili yake ni Anneliese Michel wa Ujerumani, msichana aliyekuwa akitibiwa kifafa. Alipungwa pepo mara 67, akafariki tarehe 1 Julai 1976 akiwa na miaka 23, kwa utapiamlo na kuishiwa maji mwilini. Mwaka 1978 wazazi wake na mapadri wawili walitiwa hatiani kwa uzembe uliosababisha kifo. Kwenye filamu, kule kupinda kwa mwili Jennifer Carpenter, anayemcheza Emily, alikufanya kwa mwili wake mwenyewe, na ndiyo maana kunaumiza kukutazama kuliko kompyuta ingefanya.

SWALI: Kwenye Hereditary wenzangu wote wanasema wamemwona mama kwenye kona ya dari. Mimi naona giza tu. Nimeibiwa?
Msomaji, Muscat

JIBU: Hujaibiwa, ni runinga. Mwongozaji Ari Aster alimweka pale bila muziki wa kukuonyesha, na macho lazima yazoee kwanza. Zima taa ya sebuleni, funga pazia, chagua mpangilio wa sinema kwenye runinga, zima ule unaolainisha mwendo. Pandisha mwanga kidogo tu hadi uone tofauti kati ya nyeusi na kijivu cheusi. Nakala iliyobanwa sana hugeuza giza kuwa vigae vyeusi, na hiyo hakuna mpangilio utakaoitibu. Tafuta nakala nyingine. Kisha mwache kijana aliye kitandani, tazama juu nyuma yake.