Mbuzi wangu hawajui kuwa wamehamia mjini

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima mahindi ekari mbili, nafuga mbuzi, maji nachota kisimani. Nimeomba umeme, nikaambiwa 320,960 kwa sababu nakaa mtaani. Shemeji yangu ng'ambo ya mto kalipa 27,000, na nyumba yake ni kubwa kuliko yangu. Nani kaamua kuwa mimi ni wa mjini?
Mama Mbuzi, Nyanda za Juu Kusini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Limeamua tangazo la serikali, wala halikuja kukuangalia unavyoishi. Kwetu Tanzania kijiji si mashamba wala kisima, ni usajili. Ziko sheria mbili za mwaka 1982: ya mamlaka za wilaya ina vijiji na vitongoji, ya mamlaka za miji ina mitaa. Halmashauri ikipandishwa hadhi kuwa ya mji, vijiji vingi hugeuzwa mitaa na watu hupiga vigelegele. Nilikuwa mtendaji wa kijiji siku yetu ilipofika. Nami nilipiga.

Bei zikaja baadaye. Tangu Januari 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni hizo bei mbili ulizotaja. Karibu mara kumi na mbili, na katikati ni mto tu!

Mimi kilichoniuma zaidi ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi, na mkutano mkuu una sauti. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka hayo. Nilikabidhi majalada yetu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kabla hujalipa, soma muhuri wa mwenyekiti wako: kijiji au mtaa? Neno “mji” lisikutishe. Halmashauri ya Mji Njombe ina mitaa na ina vijiji. Ukikuta ni mtaa kweli, usigombane na karani wa dirishani, bei hakuipanga yeye. Lipeleke kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uandike kaya ngapi zinalima, maji yanatoka wapi, kisha diwani alibebe. Wabunge wamelisema mpaka likapata jina, “vijiji-miji”. Ulizia pia kama mtaa wenu umo kwenye miradi ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, ya pembezoni mwa miji.

Ila mbuzi usitaje idadi yao kwanza. Sheria ndogo za miji nyingi zina mipaka ya mifugo. Ulizia ya kwenu kimyakimya.